Mashini ya Okazioni Inayochunga Vitu vya Nyumba Nzima



Tangu siku niliposema katika kalasi kwamba kwetu nyumbani kuko seva, maswali hayaishi. Mumoja aliniuliza kama baba amefungua benki. Mwingine alisema seva ni kitu cha kampuni za telefone, haiwezi kukaa katika chumba kimoja na magunia ya maharagi. Kumbe inakaa. Iko nyuma ya mulango wa saluni, juu ya matofali mawili. Ninaandika hapa namna tuliitengeneza, ili mutu mwingine aweze kufanya vile vile, bila kurudia makosa yetu.

Niseme kwanza kwa nini tuliitafuta. Baba ni mwalimu. Kwa miaka 11 alikuwa akiweka maswali ya mitihani, pointi za wanafunzi na masomo yake yote katika diski moja ya nje, ile ndogo ya kuchomeka kwa waya. Mama aliweka humo picha za familia, pamoja na za bibi yetu aliyekufa mwaka 2019. Yaya yangu aliweka nyimbo za kwaya alizozirekodi yeye mwenyewe. Siku moja mudogo wangu alijikwaa katika waya, diski ikaanguka toka mezani wakati ilikuwa ikizunguka. Ikaanza kupiga ka-ka-ka. Fundi wa kwanza aliifungua palepale mezani kwake, mulango ukiwa wazi na vumbi la barabara likiingia. Nyuma ya hapo hakuna fundi mwingine aliyeweza kitu. Picha za bibi zilibaki tatu, zile zilizokuwa katika telefone ya shangazi.

Nilikuja kusoma baadaye sababu ya ile hasara. Ndani ya diski kuko sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Kichwa cha kusoma hakigusi sahani, kinaruka juu yake kwa umbali wa nanometa chache tu. Unywele wa mutu iko na unene wa nanometa makumi elfu. Basi chembe moja ya vumbi, kwa kile kichwa, ni sawasawa na kilima katikati ya barabara. Ndiyo maana diski ikianza kulia, unaizima, usiifungue, usiipige kofi.

Sasa, seva ya nyumbani ni nini? Ni kompyuta moja inayokaa pahali pamoja, iko na diski kubwa ndani, na kazi yake ni kuchunga mafaili ya watu wote wa nyumba. Telefone ya mama, kompyuta ndogo ya baba, zote zinapeleka vitu kwake kwa njia ya Wi-Fi ya nyumbani. Hapa watu wengi wanachanganya: Wi-Fi si intaneti. Rauta ndogo inaunganisha vyombo vya nyumba hata kama haujalipa megabaiti moja. Mwezi mumoja tulikaa bila intaneti yoyote, na seva ilikuwa ikifanya kazi yake kila jioni bila shida.

Mujomba wangu, anayefanya biashara ya kwenda Kampala, njo alituletea mashini yenyewe. Si kompyuta ya kawaida. Ni ile ya kazi nzito, mafundi wanaiita stesheni ya kazi. Huko Ulaya na Marekani, wenye kuchora nyumba, mainjinia na watu wa sinema wanazinunua kwa bei kali sana, wanazitumia miaka michache, kisha ofisi inabadilisha zote kwa mara moja. Zile za zamani zinaingia katika soko la okazioni. Za namna ya HP Z420 au Dell Precision T3600, zote mbili za mwaka 2012, leo hazina heshima tena kwa wenye kuchora. Yetu ni ya ukoo huo. Bei yake ilikuwa ya mbuzi wawili, na wale mbuzi hawakuwa wanono.

Kwa nini mashini nzee namna hii inafaa, wakati kompyuta nyingi nzee hazifai? Kwanza, ndani kuko nafasi ya diski kubwa mbili au tatu, na feni zinazopuliza hewa mbele yake. Pili, ilitengenezwa kwa kukaa imewashwa muda murefu. Lakini sababu iliyonipendeza zaidi ni memori yake.

Memori ya kompyuta inaandika kila kitu kwa 0 na 1. Mara moja moja, juu ya joto, kifaa kibovu, au hata chembe zinazotoka juu angani, 0 moja inageuka 1 bila mutu kujua. Katika muchezo haidhuru. Lakini kama ile namba ilikuwa pointi za mwanafunzi, au kipande cha picha kinachosafiri kwenda kwenye diski, basi kosa linaandikwa kama vile ni kweli. Mashini za kazi nzito zinatumia memori ya kujisahihisha, inaitwa ECC. Kwa kila biti 64 za kazi, inaongeza biti 8 za ukaguzi. Kwa zile 8 inaweza kugundua ni biti gani imegeuka na kuirudisha, na kama mbili zimegeuka pamoja inapiga kelele. Mwenye kufungua njia ya hesabu hizi ni Richard Hamming, Mwamerika wa maabara ya Bell, aliyezitangaza mwaka 1950. Mashini aliyoitumia ilikuwa ikiacha kazi yake katikati kila ilipoona kosa. Alichoka nayo, akajiuliza: kama mashini inaweza kujua kwamba kuko kosa, kwa nini isijue liko wapi na kulisahihisha? Wa sehemu ya hesabu, mukitafuta namna zile biti zinapangwa mutafurahi. Inaeleweka kwa kalamu na karatasi.

Lakini ile mashini iko na ubaya wake, na ubaya ni njaa. Inakula umeme. Tulipoipima kwa saa ndogo ya kuchomeka ukutani, ilikuwa ikila wati 95 bila kufanya kazi yoyote. Ndani kulikuwa kadi kubwa ya picha, ya wale wenye kuchora. Tuliitoa, tukaweka kadi ndogo kabisa, tukashuka mpaka wati 70. (Hauwezi kuacha bila kadi hata moja: prosesa za namna hii hazina picha ndani yake, hautaona kitu wakati wa kuitengeneza.)

Tufanye hesabu. Wati 70 kwa saa 24 ni 1,680, ni kusema kilowati-saa 1.68 kwa siku moja. Kwa mwezi wa siku 30 ni kidogo kupita 50. Muhesabu wenyewe ni feza ngapi kwenu. Na kwa mwenye kutumia sola: batri ya volti 12 na ampea-saa 100 iko na wati-saa 1,200 katika karatasi, lakini batri ya asidi haipendi kushuka chini ya nusu, basi 600. Kifaa cha kugeuza umeme kinakula chake, tuseme inabaki 510. Gawanya kwa 70: masaa 7 na kidogo. Halafu usiku mzima nyumba iko giza juu ya seva! Mama alikataa, na alikuwa na haki.

Basi sisi hatuiachi ikiwaka mchana na usiku kama katika vitabu vya Ulaya. Tunaiwasha saa kumi na mbili ya jioni na kuizima saa tatu. Masaa matatu ni wati-saa 210. Katika ile nafasi telefone zinapeleka picha, baba anahifadhi kazi ya siku, imekwisha. Mutu atakuambia kwamba kuwasha na kuzima kunachosha diski. Kunachosha kidogo, ndiyo. Kura inayokatika ghafula na kurudi na nguvu mbaya inachosha zaidi.

Juu ya kura niongeze mambo mawili. Tunatumia stabilizatere, na katika mipango ya ndani ya mashini tumechagua kwamba kura ikirudi, mashini ibaki imezimwa mpaka mutu aiwashe. Wengine wanachagua iwake yenyewe. Kwetu dakika za kwanza za kura ndiyo zinaunguza vyombo. Na kabla ya kuinunua, ukague kile kisanduku cha umeme cha ndani, kile mafundi wanaita alimantasio. Katika stesheni za kazi nyingi kina umbo lake na plagi zake, si za kawaida. Kikiungua, hautapata kingine katika duka la kona. Unapaswa kutafuta cha namna ileile. Uiwashe mbele ya muuzaji, uiache nusu saa, uweke mukono nyuma usikie joto.

Tunafika kwa diski, na hapa njo tulifanya kosa kubwa. Tuliwaza: mashini ni ya okazioni, basi diski pia ziwe za okazioni. Tulinunua mbili, zikiwa zimefutwa vizuri, zinang'aa kama mpya. Ya kwanza ilianza kusumbua mwezi wa pili. Kumbe kila diski inaandika maisha yake ndani yake yenyewe, katika kitabu kinachoitwa SMART, na sisi hatukukisoma. Katika Linux unaandika smartctl -a na jina la diski, inakufungulia yote. Utazame mustari wa 9, masaa iliyokaa imewashwa. Mwaka mumoja iko na masaa 8,760. Ile yetu "mpya" ilikuwa na masaa 41,000, karibu miaka mitano bila kulala! Kisha utazame mustari wa 5, vipande vilivyokufa na kuhamishwa, na wa 197, vipande vinavyongojea kujulikana kama vimekufa. Katika mistari hiyo miwili unataka kuona sifuri. Ukiona namba, na wiki ijayo namba imepanda, usijadiliane na muuzaji juu ya bei, mwachie diski yake.

Mashauri yangu ni haya: sanduku, prosesa na memori vinunue vya zamani bila woga, lakini feza yako yote iliyobaki itie katika diski mpya mbili. Kitu kingine cha kuuliza ni namna diski inavyoandika. Kuko diski zinazopanga mistari yake ikilaliana kama mabati ya paa, ili zipate nafasi nyingi kwa bei ndogo. Zinaitwa SMR. Ukigusa bati moja unapaswa kuinua na yaliyo juu yake, basi zinakuwa polepole sana wakati wa kuandika vitu vingi. Mwaka 2020 watengenezaji wakubwa walikubali kwamba walikuwa wameuza diski za namna hiyo bila kusema wazi katika karatasi. Kwa seva unataka ile ingine, CMR.

Utahitaji pia diski ndogo ya tatu, hata ya gigabaiti 120, kwa ajili ya programu yenyewe, kwa maana programu inaichukua yote na haikuruhusu kuweka humo mafaili yako. Na usisahau kile kibatri cha mviringo cha CR2032 kilicho ndani. Katika mashini ya miaka kumi na zaidi kimekwisha kufa. Sisi tulikisahau, na kila siku tulipowasha, mashini ilifikiri ni mwaka 2012. Baba alipotafuta mutihani aliouandika jana, aliukuta na tarehe ya wakati mimi ningali mutoto mudogo.

Programu tuliyochagua ni TrueNAS. Iliyo bure inatosha kabisa. Ilizaliwa kwa jina la FreeNAS mwaka 2005, mwanzilishi wake ni Mfaransa Olivier Cochard-Labbé. Inaomba memori ya gigabaiti 8 au zaidi. Yetu iko na 16. Mwenye mashini dhaifu anaweza kuchukua OpenMediaVault, nayo nzuri. Unaipakua mara moja pahali penye intaneti, unaitia katika fulashi, unawasha mashini kwa ile fulashi, unajibu maswali machache. Nyuma ya hapo seva haihitaji tena skrini wala kibao cha kuandikia. Unaiongoza toka kompyuta ingine kwa kuandika anwani yake ya namba.

TrueNAS inatumia namna ya kupanga mafaili inayoitwa ZFS, iliyotengenezwa na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens katika kampuni ya Sun Microsystems, na kufunguliwa kwa wote mwaka 2005. Diski zetu mbili tumezipanga kama mutu na kioo: kila kitu kinachoandikwa katika moja kinaandikwa pia katika ingine. Diski mbili za terabaiti 2 zinakupa basi terabaiti 2 tu, si 4. Watu wanalalamika juu ya hasara hiyo. Ni bei ya kulala.

Lakini fikiri: kama diski mbili zinasema maneno tofauti, utaamini ipi? Hapa ZFS iko na akili. Kwa kila kipande inachoandika, inafanya hesabu juu yake na kuweka jibu pahali pengine. Inaposoma, inarudia hesabu. Jibu lisipolingana, inajua kipande hiki kimeoza, inaenda kuchukua kile kizima katika diski ya pili na kusahihisha kilichooza, wewe hata haujui. Mara moja kwa mwezi tunaiamuru isome kila kitu toka mwanzo mpaka mwisho. Siku hiyo tunaiacha ikiwaka mpaka imalize. Na kura ikikatika katikati ya kuandika, haiharibu kitu cha zamani, kwa sababu haiandiki juu ya cha zamani. Inaandika cha mupya pembeni, kisha inageuza alama. Kile ulichokuwa ukiandika dakika ile kinaweza kupotea, ya jana inabaki.

Kuko pia ile inayoitwa snapshoti, ni kusema mashini inakumbuka hali ya dosye zote kwa saa fulani. Mudogo wangu (ndiye yuleyule wa waya) alifuta dosye nzima ya harusi ya yaya. Tulirudi katika hali ya jana, tukaikuta.

Neno juu ya mwendo. Ukiunganisha kwa waya, utazame rauta yako. Nyingi za bei ndogo zinapitisha megabiti 100 kwa sekunde, na kwa kuwa baiti moja ni biti 8, hiyo ni megabaiti 12.5 tu. Gigabaiti 20 za picha zitachukua karibu nusu saa. Kwa rauta ya gigabiti moja ni dakika tatu. Kwa sisi wanaoweka picha za siku moja kwa wakati, ile ya kwanza inatosha.

Watu wananiuliza sana kuhusu maswali ya mitihani, mukijua kwamba baba anafundisha hapa hapa katika shule yetu. Jibu ni kwamba kila mutu wa nyumba iko na jina lake na neno lake la siri, na dosye ya baba sionyeshwi hata kama ipo. Mimi njo nilipanga mashini, lakini neno la mukubwa wa mashini alilibadilisha yeye siku ileile ya kwanza. Msinisumbue.

Sasa jambo ambalo wengi hawapendi kusikia. Diski mbili za kioo si hifadhi ya kutosha. Ukifuta, zinafuta pamoja. Radi ikipiga, zinaungua pamoja. Muizi anabeba sanduku moja, na diski zote mbili zimo ndani yake. Shangazi yangu yule wa picha tatu alikuwa akikaa Goma, upande wa Buhene, jioni ya 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipofunguka. Alitoka na watoto na telefone. Kama ile seva yetu ingalikuwa katika nyumba yake, kioo kingalimusaidia nini? Mupiga picha mumoja wa Marekani, Peter Krogh, alieneza hesabu ya 3-2-1: nakala tatu, katika namna mbili za vyombo, na moja ikae pahali pengine. Ile moja ya mwisho ndiyo watu wanaiacha, kwa sababu inaomba miguu.

Sisi tuko na diski ya nje ya terabaiti 2. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ninaichomeka katika seva, inapokea nakala ya vitu vipya, kisha ninaipeleka kwa mujomba, upande mwingine wa muji. Imefungwa kwa ufunguo wa maneno, juu ya ile mitihani na juu ya njia. Bila ufunguo, mwenye kuiokota ataona takataka tu. Ufunguo umeandikwa kwa kalamu katika karatasi mbili, moja kwa mama, moja kwa shangazi, hakuna kwa mujomba. Na mujue kwamba diski iliyopangwa kwa ZFS haifunguki katika Windows. Ukiichomeka, Windows itakuuliza kama unataka kuiandaa upya. Ukisema ndiyo, umefuta yote. Tuliandika hilo kwa rangi nyekundu juu ya ganda lake.

Katika likizo iliyopita tulijaribu kama nakala inafunguka kweli. Tulichukua kompyuta ingine kwa mujomba, tukaitia TrueNAS toka fulashi ileile, tukachomeka diski, mama akatuma ufunguo kwa telefone. Mara ya kwanza ulikataa. Tulipoteza saa nzima, baba akaanza kunitazama vibaya. Kumbe katika karatasi mama alisoma herufi ya o pale nilipoandika sifuri. Tangu siku hiyo sifuri zote katika karatasi zile mbili ziko na mustari katikati.